Robota la Kilo 32: Jinsi Misafara ya Tabora Ilivyofunga Mizigo

Kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, ilipo Tabora ya leo, ni zaidi ya kilomita 800 za njia ya mguu. Njia hiyo ilivuka mbuga ya Makata, ikapanda milima ya Usagara hadi Rubeho, ikateremkia nyika isiyo na maji ya Marenga Mkali, ikapita Ugogo, kisha msitu wa Mgunda Mkali. Katika karne ya 19 bidhaa za pwani na pembe za ndovu za bara zilipita humo bila msaada wa gurudumu. Tukieleza jambo hilo huwa tunaishia kusifu misuli ya wapagazi, hasa Wanyamwezi. Ni haki yao kusifiwa, lakini sifa hiyo inawapunja. Misuli peke yake haiwezi kumpandisha mtu Rubeho na kilo 32 begani, akaamka kesho yake na kuendelea, kwa miezi mitatu. Kilichowezesha safari ni ufungaji wa mzigo, na ufungaji huo ulikuwa utaalamu kamili.

Kanuni ya kwanza ni kwamba kipimo kilianzia begani. Frasila moja ni takriban kilo 16, na robota la nguo lilikuwa la frasila mbili. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyepita njia hii mwaka 1857, ameeleza robota lilivyokuwa: refu kama mto mkubwa wa kulalia, kiasi cha mita moja na nusu, limeviringishiwa makanda ya ukindu na kukazwa kwa kamba lisilegee. Wengine waliongeza fito tatu kandokando, na ncha moja ikaachwa na panda. Hizo fito ndizo zinazonistaajabisha. Zinazuia robota lisipinde katikati, na zile panda zinawezesha mzigo kusimama ukiegemezwa kwenye mti badala ya kulazwa chini. Kuinua kilo 32 kutoka ardhini hadi begani ni kazi inayovunja kiuno kuliko hata kutembea nazo, na katika mwendo wa siku moja mpagazi hupumzika mara nyingi. Mzigo ukiwa umesimama, anainama kidogo, anaingiza bega, anaondoka bila kumwita mwenzake. Umbo jembamba nalo lina sababu yake: njia ilikuwa ya mtu mmoja mmoja kati ya vichaka, na kitu kipana kingenasa kila hatua.

Kanuni ya pili ni kwamba uzito ulifuata tabia ya bidhaa. Nguo hukubali umbo la bega, shanga hazikubali. Ndiyo maana Burton anasema mfuko wa shanga haukuzidi sana kilo 23, na mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, alipojiandaa kwa safari yake mwaka 1871, alikomea kilo 28 hivi. Waya wa shaba uligawanywa kwa mzega, pindi la frasila moja kila upande wa mti, na palipogusa bega pakawekwa kata ya nyasi, kitambaa au ngozi. Nani basi aseme hapa palikuwa na kubahatisha?

Atakayepinga atasema mnyama angeshinda hesabu hizi zote. Stanley alijaribu. Aliondoka Bagamoyo na punda zaidi ya ishirini, na hata mkokoteni mwembamba alioutengenezesha Unguja ili utoshe kwenye njia. Punda wengi walikufa kabla ya Unyanyembe, na mkokoteni ukaishia kutupwa porini. Ni kweli aliondoka Machi, masika ikamkuta Makata, ilhali Wanyamwezi wenyewe walipendelea kusafiri kiangazi, baada ya mavuno, ili warudi kabla ya kulima. Lakini hata kiangazi mbung'o wanaoua wanyama hawaondoki, na punda hachagui pa kukanyaga kwenye jiwe linaloteleza kama anavyochagua mtu.

Pingamizi la pembe za ndovu ni zito zaidi, kwa sababu pembe haikatwi ili itimize frasila mbili. Kama kanuni ilikuwa bega, mbona pembe kubwa ilisafiri? Ilisafiri kwa sababu kanuni haikuvunjwa, mabega ndiyo yaliyoongezwa: pembe ilifungwa chini ya mti, watu wawili wakaibeba mizegazega, mmoja mbele na mmoja nyuma. Ndogo zilifungwa pamoja hadi zikatimiza mzigo wa mtu mmoja.

Wapo pia watakaosema kwamba mabega hayo yalikuwa ya watumwa, na bwana hana haja ya kupima. Watumwa walikuwamo misafarani, hasa miongoni mwa watu wa pwani, na hilo halifichiki. Ila Wanyamwezi wengi walibeba kwa ujira, na mwenye ujira ana uwezo ambao tajiri aliuogopa: kuukataa mzigo asubuhi ya kugawa, au kuutua njiani na kutoroka. Mzigo uliozidi au uliofungwa ovyo ulikuwa hasara ya mwenye mali. Kwa hiyo zile frasila mbili nazisoma kama mapatano ya kazi, yaliyoshikiliwa na wabebaji wenyewe kwa vizazi. Leo wagumu, yaani wapagazi wa mlima Kilimanjaro, hupimiwa mizigo langoni, kikomo kilo 20, na ulinzi huo unahitaji kanuni za hifadhi na mizani. Wapagazi wa Unyanyembe waliutetea wao wenyewe kwa midomo na miguu yao.

Faida ya mapatano hayo ilionekana zaidi Tabora. Hapo wapagazi wengi wa kutoka pwani walilipwa na kuachana na msafara, na wapya wakaajiriwa kwenda Ujiji, Karagwe au Buganda. Kwa kuwa kila robota lilikuwa mzigo wa mtu mmoja, halikufunguliwa wala kugawanywa upya; lilihamia bega jingine kama lilivyokuja. Mwenye msafara alihesabu marobota, akajua papo hapo anahitaji watu wangapi, posho kiasi gani na ujira kiasi gani. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilipofika Tabora mwaka 1912, behewa lilichukua kazi ya wapagazi wengi kwa mkupuo mmoja, lakini nje ya mstari wa reli, kwenye vijiji vilivyokuwa mbali na stesheni, mzigo wa mtu mmoja uliendelea kuwa ndio kipimo.