Heko kwa Wanaorudia Kazi ya Wenzao

Wanakemia wa jarida la Organic Syntheses wanastahili pongezi kwa sharti lao moja gumu: njia ya kutengeneza kemikali haichapishwi mpaka irudiwe katika maabara ya mjumbe wa bodi ya wahariri na kutoa matokeo yanayolingana.

Chimbuko la jarida hilo ni Vita Kuu ya Kwanza. Kemikali za Ujerumani zilipoadimika Marekani, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Illinois walizitengeneza wenyewe. Mwaka 1921 mwanakemia Roger Adams na wenzake wakatoa juzuu ya kwanza. Humo mna bromidi za alkili, zinazopatikana kwa kuchemsha alkoholi pamoja na asidi ya hidrobromiki na ya salfuriki. Baadaye zikaja epoksidi, kama ile ya stirini: asidi ya perbenzoiki huipa molekuli atomi moja ya oksijeni, nayo ikajifunga na kaboni mbili kuwa pete ya pembe tatu. Pete hiyo imekazwa mno, ndiyo maana hufunguka upesi na kuzaa kemikali nyingine.

Maelezo ya jarida hayana uchoyo: gramu, joto, muda, namna ya kusafisha, na tahadhari pia, kwani bromini huunguza ngozi na epoksidi nyingi ni sumu.

Leo yote hayo husomwa bure mtandaoni. Hongera kwao, na majarida mengine ya sayansi yaige: kwanza rudia, ndipo uchapishe.