Sauti ya Mzee wa Theluji

Wazee wa skii wanalia sana. Wanasema zamani mlima ulikuwa mlima, tiketi ilikuwa ya mtu wa kawaida, watu walisalimiana, na leo kila kitu kimeharibika. Ukiwasikiliza bila kuangalia picha, utadhani ni wazee wetu wa hapa kambini wakizungumza juu ya mihogo ya Fizi au kahawa ya Beni. Ndiyo sababu nimechukua kalamu kuandika juu ya filamu ambayo ndani yake hakuna hata mtu mmoja anayefanana na sisi.

Inaitwa Ski Bum: The Warren Miller Story. Iliongozwa na Patrick Creadon na ilitoka mwaka 2019. Inamhusu Warren Miller, Mmarekani aliyezaliwa California mwaka 1924 na kufariki Januari 2018, akiwa na miaka 93. Kwa asiyejua, skii ni zile mbao mbili ndefu ambazo mtu anazifunga miguuni ili ateleze kwenye theluji kushuka mlima. (Siku hizi si mbao tupu tena.) Kuanzia 1950 Miller alitengeneza filamu za mchezo huo huo mmoja, mwaka baada ya mwaka, na alizisimulia kwa sauti yake hadi 2004. Kwa hiyo maisha ya mtu mmoja na mabadiliko ya mchezo mzima vinakwenda pamoja, na ndani ya filamu ya Creadon tunamwona mzee mwenyewe, karibu na mwisho wake, amekaa anakumbuka.

Sasa kuna jambo moja ambalo vijana wetu watalielewa upesi kuliko Wamarekani wenyewe. Miaka ya mwanzo Miller alikuwa anazunguka mji kwa mji na projekta yake. Anafika kwenye ukumbi, anasimama mbele ya watu, picha inakwenda, naye anasimulia papo hapo kwa mdomo. Hiyo si kazi ya VJ? Huyo ni VJ Jingo wa theluji! Mtu yeyote aliyekaa kwenye kibanda cha video hapa Uganda anajua mambo yanavyokuwa. Wachina wanapigana, VJ anawapa majina, anaweka utani, anamtukana adui kwa Kiganda, na wewe unatoka pale ukikumbuka VJ kuliko filamu. Miller alikuwa hivyo. Alipenda sana kuonyesha watu wanaoanguka kwenye viti vya kupandia mlima. Mtu anakwama, anaburuzwa, uso unajaa theluji, lakini sauti ya mzee ni ya upole na ya kuchekesha, ukumbi wote unacheka. Je, yule aliyeanguka aliumia? Huwezi kujua. VJ amekwisha kuamua kwa niaba yako.

Kwa hiyo nilifanya kitu rahisi. Niliangalia mara ya kwanza na sauti, kisha nikarudia sehemu kubwa ya filamu nimezima sauti kabisa. Nawashauri wote mfanye hivyo, maana hamu ya zamani nayo ni VJ. Inasema juu ya picha, na mara nyingine inasema kitu ambacho picha haisemi.

Chukua ile sehemu maarufu kuliko zote. Majira ya baridi ya 1946 kuingia 1947, Miller ametoka jeshi la majini, vita imekwisha, yeye na rafiki yake Ward Baker wanaishi ndani ya trela ndogo kwenye maegesho ya magari huko Sun Valley, jimbo la Idaho. Wanakula nyama ya sungura iliyogandishwa. Wanachukua mchuzi wa nyanya wa bure kwenye mkahawa, wanauchanganya na maji ya moto, ikawa supu. Ukiwa na sauti, ni hadithi tamu, vijana wawili wajanja, uhuru mtupu. Ukizima sauti unaona vijana wawili wembamba kwenye baridi kali, nyumba ya bati, nguo zinakauka vibaya.

Nilipoona hapo nilitaka kukasirika. Sisi tumelala chini ya shitingi, hatukuona uhuru wowote mle. Lakini hapo filamu imefanya kazi yake vizuri, lazima niseme. Inatuonyesha pia utoto wa Miller, wakati wa ule mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930, baba mlevi asiyefanya kazi, nyumba isiyo na amani. Kwa mtu kama huyo trela yenye baridi ni mahali pa kwanza ambapo hakuna anayempigia kelele. Alichagua ile njaa, na angeweza kuiacha siku yoyote. Tofauti yake na sisi iko hapo tu, kwenye kuchagua, na picha bila sauti inaionyesha wazi kuliko maneno yake. Hii kwangu ndiyo sehemu bora ya filamu nzima.

Mambo ya vifaa sitayakalia sana. Hao wazee wakisema skii za zamani zilikuwa bora, wanatudanganya, au wanajidanganya. Picha zenyewe zinawaumbua: mbao ndefu zilizonyooka, kugeuza ni shida, viatu vya ngozi vinalowa. Mwaka 1950 Howard Head, mhandisi aliyetoka kwenye ndege, alileta skii za aluminiamu. Baadaye viatu vikawa vya plastiki, na kwenye miaka ya 1990 zikaja skii zilizobonyea katikati ambazo zinageuka zenyewe karibu. Vifungio vya leo vinaachia mguu mtu akianguka, na watu wanaovunjika mfupa wa chini ya goti wamepungua sana kuliko zamani. Anayelilia mbao analilia magoti yake ya miaka 25. Ni haki yake, mwacheni alie, ila asituambie kwamba ni mlima ndio umeharibika. (Kitu kimoja kilichonifurahisha hapa: kiti cha kwanza cha kupandisha watu mlimani kiliwekwa Sun Valley mwaka 1936, na mhandisi wake, James Curran, alichukua wazo kwenye mitambo ya kupakia mikungu ya ndizi melini. Ndizi! Nusu ya watu wa kambi hii wangeweza kuvumbua mchezo huu.)

Kwenye bei ni kesi nyingine. Vail, kituo kikubwa cha skii huko Colorado, kilifunguliwa Desemba 1962 na tiketi ya siku ilikuwa dola 5. Leo, kwenye siku za watu wengi, ukinunua pale pale dirishani inapita dola 300. Mtu atasema pesa imeshuka thamani, na ni kweli, dola 5 za wakati ule ni kama dola 50 hivi za sasa. Bado basi imepanda mara sita. Wapo wanaonunua pasi ya msimu mzima mapema na hao wanapunguziwa, lakini kijana wa leo mwenye trela na sungura, anayefika siku moja na mfuko mtupu, hapandi. Hapa mzee analia kwa haki na hesabu inamuunga mkono.

Naona tofauti hii ni muhimu kwetu kuliko kwa Wamarekani. Mama mmoja hapa akisema zamani posho ilitosha mwezi, watu wa mashirika wanatabasamu, wanafikiri ni hadithi za zamani tu. Lakini mizani ipo na karatasi za mgao zipo. Mumuulize kilo ngapi alipata mwaka gani, mtaona kwamba hana hamu ya zamani hata kidogo, anasoma hesabu. Na nyinyi wafanyakazi wa mashirika msijione mko nje. Mkikaa kwenye chai mnasema "zamani wafadhili walikuwa wanajali." Nataka kusikia hiyo nayo bila sauti ya VJ.

Nirudi milimani, kwenye jambo ambalo filamu za Miller nilizoziona hazinipi raha. Ni ule utupu. Kamera inapanda, mlima mweupe, hakuna nyayo hata moja, na sauti inakuambia hapa ni mahali pa uhuru. Zima sauti, uliza: kwa nini hakuna mtu? Milima ya Colorado ilikuwa ya Waute. Waliishi humo, waliwinda humo, na mwaka 1881 wengi wao walisukumwa kwa nguvu hadi Utah. Miaka 81 baadaye Vail ikafunguliwa. Mmoja wa waanzilishi wake, Pete Seibert, alikuwa askari wa kikosi cha milimani aliyejeruhiwa vibaya Italia kwenye Vita vya Pili, akarudi akitafuta mahali pa kuanza upya. Simchukii, mtu aliyetoka vitani anatafuta mahali, sisi tunalijua hilo kuliko wote. Lakini mahali pa kuanza upya palikuwa pametolewa watu kwanza. Hamu ya zamani ya skii inaanzia 1936 au 1946, wakati wazungu walipofika na mbao zao, na haitaki kurudi nyuma zaidi ya hapo. Kila mwenye hamu anachagua mwaka wake wa kuanzia hadithi. Sisi Wakongomani tunafanya hivyo hivyo. Muulize mzee wa kabila moja shamba lilikuwa la nani, atakuambia mwaka. Muulize wa kabila lingine, atakuambia mwaka mwingine. Na vijana waliozaliwa hapa, ambao wanaijua Kongo kwa sauti ya baba tu, wanachukua mwaka wa baba wanaufanya ndio mwanzo wa dunia. Mimi kwenye kituo nafanya kazi na hao vijana. Kuna wanaotaka kurudi wakapiganie shamba ambalo hawajawahi kuliona, kwa sababu VJ wao ana sauti nzuri.

Kitu cha mwisho kuhusu sauti. Miller aliuza kampuni kwa mwanawe, halafu ikapita mikono mingine, na baada ya yeye kufa jina lake liliendelea kuuza filamu. Ile ya 2023, All Time, imejengwa kwa sehemu kubwa kwa picha za zamani pamoja na sauti yake. Wenye kuipenda wanasema ni heshima kwa mzee. Mimi naona mambo mawili. Kumsikia tena ni kuzuri, sikatai, hata mimi nilicheka. Ila sauti ya mtu aliye hai inaweza kubadilika. Creadon alimkuta Miller mzee, na kwenye kiti kile unamwona anasita, anasema mambo ya kuumiza juu ya nyumbani kwao, anakuwa mdogo kuliko jina lake. Sauti iliyohifadhiwa haisiti. Inarudia ule utani wa miaka ya 1970 ikiwa na furaha ile ile, hata kama theluji chini yake imebadilika.

Na theluji imebadilika kweli. Michezo ya Olimpiki ya Beijing ya 2022 ilichezwa karibu yote juu ya theluji ya mashine. Hiyo hata kijana wa miaka 20 anaweza kuilalamikia, haihitaji mvi.

Wala haiko mbali na sisi. Wakonzo wanaiita theluji ya Rwenzori Nzururu, na wanasema ndiko anakokaa Kitasamba. Mwaka 1906 msafara wa Mwitaliano, Mtawala wa Abruzzi, ulipanda kule na kuchora ramani. Wakati ule mito ya barafu ilikuwa zaidi ya 40, ikifunika zaidi ya kilomita za mraba 6. Sasa haifiki hata kilomita moja ya mraba, na iliyobaki nyingi iko kwenye mlima Stanley, pale pale kwenye mpaka wa Kongo na Uganda. UNESCO ilisema mwaka 2022 kwamba barafu ya milima hii ya Afrika huenda ikaisha ifikapo 2050. Wazee wetu wa upande wa Beni wakisema asubuhi zamani mlima ulikuwa mweupe kuliko sasa, vijana wanacheka, eti kwa wazee kila kitu cha zamani kilikuwa cheupe. Wacheke vitu vingine.

Filamu ya Creadon iko kwenye kompyuta ya kituo cha vijana. Nataka tuiangalie wote Jumamosi moja mwezi ujao, mara ya pili bila sauti, jioni jua likipungua ili picha ionekane ukutani. Kuna mzee mmoja wa Mutwanga amekubali kuja. Atasimama mbele ya ukuta, nasi tutaweka picha za Rwenzori, za zamani na za sasa, na yeye atasimulia papo hapo. Vijana wameruhusiwa kumkatiza na kuuliza mwaka.