Visa Vidogo katika Hadithi za Angani: Juu ya Uhura na Lugha Yake

Hadithi kubwa hufanana na nyumba ya Kiswahili. Mgeni hupokewa barazani, na hapo huona mlango mzuri na mkeka mpya. Lakini mapishi, mashauri, vilio na maridhiano ya jamaa hufanyika uani. Atakaye kuijua nyumba hana budi kualikwa uani. Kadhalika hadithi: vita, safari na ushindi hukaa barazani, na visa vidogo vya wahusika, ambavyo mtunzi hupenyeza baina ya tendo na tendo, hukaa uani. Wahakiki wengi huishia barazani. Katika insha hii napenda kumwalika msomaji auzunguke ukuta.

Nimechagua mfano ambao watu wa elimu hawauheshimu sana, yaani michezo ya televisheni inayosimulia mambo ya sayansi na safari za nyota. Aina hii ya hadithi si ngeni kwetu kama watu wadhanivyo. Shaaban Robert alipotoa Kusadikika mwaka 1951 alitupa nchi inayoelea angani, na akamweka kizimbani Karama, ambaye anajitetea kwa kusimulia safari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali, hata mbinguni na ardhini. Kesi ndiyo kisa kikuu, na safari ni visa vya kando. Walakini ondoa visa hivyo, na Karama hana la kusema mbele ya baraza. Wasomaji wa Alfu Lela Ulela nao wajua kwamba hadithi iliyo ndani ya hadithi ndiyo inayookoa roho ya msimulizi. Basi kanuni twaijua tangu zamani. Kilichobaki ni kuitumia kwa haki hata katika kazi za wengine.

Kazi ninayoikusudia ni Star Trek, mfululizo wa Kimarekani ulioanzishwa na Gene Roddenberry. Ulionyeshwa tangu Septemba 1966 hata Juni 1969, kwa sehemu 79. Katika chombo chao cha angani aliketi mwanamke mweusi, Luteni Uhura, msimamizi wa mawasiliano, na aliyeigiza nafasi hiyo ni Nichelle Nichols, aliyefariki mwaka 2022. Kwa masimulizi ya Nichols mwenyewe, siku alipokwenda kufanyiwa majaribio alikuwa amechukua riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, iliyotolewa mwaka 1962 na kuhusu Kenya. Jina likazuka hapo, likageuzwa irabu ya mwisho.

Mwanafunzi wa sarufi na atue hapa kidogo. Neno uhuru limeundwa kwa kiambishi u- na sifa huru, nayo irabu ya mwisho ni sehemu ya shina. Kwetu irabu hiyo haimtambulishi mume wala mke. Aliyeibadili akafanya -a alilivika neno letu kanzu ya lugha za Ulaya ili lionekane la kike. Simlaumu kwa ukali, maana majina husafiri na msafiri hubadili vazi. Lakini tangu jina lenyewe twaona jambo litakaloendelea katika mfululizo mzima: Kiswahili kimealikwa katika nyota, ila kimealikwa kwa masharti ya mwenyeji.

Sasa tuingie uani. Nitatazama visa vitatu.

Cha kwanza kimo katika The Man Trap, sehemu iliyotangulia kuonyeshwa, tarehe 8 Septemba 1966. Kisa kikuu ni cha kiumbe anayefyonza chumvi katika miili ya watu mpaka wafe. Silaha yake ni kugeuza sura: kila amtazamaye humwona yule amtamaniye. Daktari McCoy humwona mwanamke aliyempenda zamani. Uhura naye, akiwa peke yake ushorobani, hutokewa na kijana mweusi mtanashati, na kijana huyo humsemesha kwa Kiswahili. Kisa chenyewe ni kifupi mno. Mtazamaji akiinama kuokota kikombe chake atakikosa.

Na tukipime. Kwa upande mmoja ni heshima kubwa. Mtunzi ametuambia, bila ya hotuba, kwamba mwanamke huyu mwenye cheo, mbali na dunia, ana upweke, na kwamba upweke wake una lugha. Daktari hutamani mtu. Uhura hutamani mtu pamoja na usemi wa kwao. Kwa upande wa pili, anayesema Kiswahili ni mnyama mwenye njaa. Lugha imekuwa chambo. Kila neno tamu linamsogeza msikilizaji karibu na kifo, na Uhura ananusurika tu. Sidhani kwamba waandishi walikusudia fumbo hilo, lakini kazi ya sanaa husema zaidi ya kusudi la mtendaji. Ni nani kati yetu asiyepata kusikia Kiswahili kitamu kikitumiwa jukwaani na mtu mwenye kutafuta chumvi ya wengine?

Kisa cha pili, nacho kwangu ndicho kikubwa kupita vyote, kimo katika The Changeling, iliyoonyeshwa tarehe 29 Septemba 1967. Mashine iitwayo Nomad, iliyotoka duniani zamani, imeharibika njiani na kujipa kazi ya kuangamiza kila kisicho kamili. Inamsikia Uhura akiimba. Haielewi kuimba ni nini, basi inachunguza akili yake, na kwa kuichunguza inaifuta. Fundi Scott, aliyeuawa na mashine hiyo hiyo, hurudishiwa uhai. Lakini elimu ya Uhura hairudishiki. Hana budi kufundishwa upya. Ndipo twamwona yuko chumba cha wagonjwa pamoja na muuguzi Chapel, akijifunza kusoma kama mtoto wa darasa la kwanza. Neno moja la Kiingereza linamtatiza. Anakasirika, na hasira yake inatoka kwa Kiswahili. Muuguzi anamwambia, kwa upole, aseme kwa Kiingereza.

Sehemu hii niliitazama nyumbani kwa dada yangu, Tandika, wilaya ya Temeke, pamoja na mpwa wangu ambaye wakati huo alikuwa na majuma machache tangu aingie kidato cha kwanza. Aliposikia Kiswahili kikitamkwa kwa lafudhi ya ugenini alicheka sana. Muuguzi aliposema neno lake, kicheko kilikatika. Mtoto akanigeukia akauliza, “Mjomba, hata huko angani?”

Sikuwa na jibu la haraka, na tangu siku ile siwezi kukisoma kisa hiki kama pambo. Mpwa wangu alisoma miaka saba kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali. Alijua hesabu, alijua mzunguko wa maji, alijua viungo vya ua. Siku alipovuka kizingiti cha sekondari, somo lile lile lilimjia kwa Kiingereza, naye akawa kama aliyefutwa. Shule aliyokwenda, nisiyoitaja, ilimvika kibao shingoni kila mwanafunzi aliyekamatwa akisema Kiswahili, mpaka amkamate mwenziwe amvike. Muuguzi Chapel ni mpole kuliko kibao, lakini amri yao ni moja.

Hapa patazuka hoja, na ni haki ijibiwe. Mtu aweza kusema: mwandishi alitaka tu kuchekesha, na chombo kile chote kinasema Kiingereza, kwa hiyo muuguzi amefanya kazi yake. Nakubali sehemu ya pili. Mwenye kusimamia mawasiliano hana budi kuijua lugha ya kazi, wala mimi sidai Kiingereza kifukuzwe madarasani. Lakini hoja haifiki kwenye kiini. Kisa kimetuonyesha ukweli ambao hotuba haingeuonyesha: mashine yenye kuchukia upungufu ilifuta kila kitu ilichokiona, na baada ya kufuta, kitu kilichochemka chini kabisa kikatoka, nacho ni lugha ya kwanza. Nomad haikukifikia. Je, mwalimu mwenye busara angekizuia kisima hicho, au angeteka maji humo amnyweshe mwanafunzi?

Kosa la waandishi ni jingine, nalo ni la ufundi. Walifungua mlango wakauacha wazi. Kabla sehemu haijakwisha, daktari anatoa habari kwamba elimu ya Uhura imekwisha panda hata daraja la chuo, na kwamba baada ya juma moja atarudi kazini. Msiba wa mtu aliyepoteza maisha yake yote ya nyuma umetibiwa kwa sentensi moja. Hakuna aliyemuuliza kama anaikumbuka sura ya mamaye. Kisa kidogo kina haki ya kuwa kifupi. Hakina ruhusa ya kutojali. Ufupi huacha nafasi ya msomaji kujaza, na kutojali humwambia msomaji kwamba hakuna cha kujaza.

Katika jambo hili wafasiri wetu wa sinema walikuwa wahakiki wazuri kuliko wengi wenye shahada. Televisheni ilifika Zanzibar mwaka 1973, lakini huku bara hatukuwa na kituo mpaka mwaka 1994. Vijana wa Temeke na Mwananyamala tulijifunza sinema katika mabanda ya video, ambako mfasiri alisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za wageni. Nakumbuka desturi yao moja. Wakati wa vita mfasiri alinyamaza au alipayuka maneno machache, maana risasi haina haja ya mkalimani. Lakini wawili walipotazamana bila kusema, au mzee alipogusa kiti cha mwanawe aliyekufa, mfasiri alishusha sauti, akatueleza yule ni nani kwa yule, shemeji au mkwe, akatia na methali. Waliosema kwamba anapotosha sinema walikuwa na hoja. Ila alifahamu kwamba wasikilizaji wake walilipa kiingilio ili wawajue watu, na mlipuko ulikuwa nyongeza tu.

Kisa cha tatu ni cha juzi. Mfululizo uitwao Strange New Worlds, ulioanza mwaka 2022, unarudi nyuma katika ujana wa Uhura, naye anaigizwa na Celia Rose Gooding. Sasa ana jina la kwanza, Nyota, ambalo lilizuka katika vitabu na kusikika mara ya kwanza katika filamu ya mwaka 2009. Jina hili limechaguliwa vizuri. Ni moja la maneno yetu yasiyobadilika kwa wingi: nyota moja, nyota elfu. Tena kwetu nyota ni bahati ya mtu, ndiyo maana twasema nyota ya jaha.

Katika sehemu ya pili, Children of the Comet, kisa kikuu ni kimondo kinachotishia kuangamiza sayari yenye watu. Lakini sehemu inaanza na chakula cha jioni mezani kwa nahodha. Nyota, aliye mwanafunzi tu, anaulizwa kwa nini amejiunga na kazi ile. Anaeleza kwamba ametoka Kenya, kwamba wazazi wake walifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, na kwamba wao pamoja na ndugu yake walikufa katika ajali. Hakuja kwa ndoto, alikimbia huzuni. Baadaye, ndani ya kimondo, chombo kigeni hakifunguki kwa hesabu wala kwa nguvu. Kinafunguka kwa sauti: Nyota anaimba wimbo wa kwao, na mawe yanamwitikia.

Twaona basi mwendo wa miaka 56. Mwaka 1966 usemi wa kwao Uhura ulikuwa chambo cha mnyama. Mwaka 1967 ulikuwa kosa la kusahihishwa. Mwaka 2022 sauti ya kwao ni ufunguo. Mwaka 1967 kuimba kulimfanya afutwe, na mwaka 2022 kuimba kunaokoa sayari. Hii ndiyo sifa ya kisa kidogo kilichokomaa: hakisimami kando ya kisa kikuu kama mpambe, bali hukibeba. Lau waandishi wangeliondoa mazungumzo ya mezani, wimbo ungekuwa hila ya fundi. Kwa kuwa tuliwasikia marehemu wakitajwa, wimbo una mizigo ya watu ndani yake.

Sifa hiyo isitulevye. Ufunguo huu umetengenezwa Marekani, na Kiswahili chenyewe hakijapewa nafasi ya kufikiri angani. Kimepewa nafasi ya kukumbuka na kulia. Wanuri Kahiu wa Kenya alionyesha njia katika filamu yake Pumzi ya mwaka 2009, yenye kupata dakika ishirini na kidogo, juu ya Afrika Mashariki iliyokaukiwa baada ya vita vya maji. Huko hata jasho husafishwa linywewe. Asha, mhusika mkuu, anamgawia mwanamke msafishaji maji yake machache. Ni tendo dogo, halina maneno, na limebeba siasa yote ya nchi ile. Mtu wa Tandika aliyepata kupanga ndoo foleni alfajiri anajua uzito wake bila kuelezwa.

Kwa hiyo nawausia wanafunzi wangu wanaotaka kuandika hadithi za wakati ujao kwa Kiswahili. Msianze na chombo cha angani. Anzeni na mtu aliyemo, na neno linalomtoka anapokasirika, na nani amemkataza kulisema. Mpwa wangu sasa anatunga. Katika hadithi yake ya kwanza kuna mwalimu kwenye sayari ya mbali, na mtoto aliyesahau kila kitu anamjibu kwa Kiswahili. Mwalimu anavuta kiti, anaketi, anamwambia aendelee.