Kusawazisha au Kulandanisha? Istilahi za Upimaji wa Bahari

Imetufikia rasimu ya tafsiri ya mwongozo wa mafundi wanaopima kina cha bahari kwa mitambo ya sona na kutambua mahali pa meli kwa setilaiti. Twampongeza mfasiri kwa kutumia neno mwangwi, linalojulikana na wote, badala ya kubuni jipya. Hata hivyo, istilahi tatu hatuwezi kuzipitisha.

Ya kwanza ni kusawazisha. Mfasiri amelitumia kwa kuuweka mtambo usiinamie upande, na pia kwa kuzifanya saa za mitambo miwili ziende pamoja. Fundi akiambiwa "sawazisha kipokezi" atashika pimamaji, na saa zitabaki zikipishana. Meli iendayo maili 10 za bahari kwa saa husogea mita 5 hivi kila sekunde. Basi saa zikipishana kwa sekunde 1 tu, mwamba utaandikwa katika ramani mita 5 mbali na ulipo. Wazee wetu husema kutia saa majira. Usemi huo ni mzuri, lakini saa hutiwa majira mara moja ikaachwa, ilhali hizi hulinganishwa daima. Kwa hiyo twapendelea kulandanisha, na kusawazisha kubaki na maana yake ya asili.

Ya pili ni mpigo. Rasimu yaita hivyo sauti inayotumwa majini, na pia ishara ya umeme itolewayo na kipokezi cha setilaiti kila sekunde. Ishara hiyo huonyesha sekunde inaanza lini hasa. Ujumbe unaoandamana nayo ndio unaotaja ni sekunde ipi. Anayechanganya mambo hayo aweza kukosea sekunde nzima. Twashauri mlio kwa sauti ya sona, na mpigo wa sekunde kwa ishara ya umeme.

Ya tatu ni saa yenyewe. Mwongozo wafuata saa za kimataifa, na rasimu imeandika "saa 6" bila maelezo. Saa hiyo kwetu Afrika Mashariki ni saa 3 asubuhi, lakini msomaji ataidhania adhuhuri. Hapa kosa si la msamiati, bali ni la kumsahau msomaji. Hapana budi iandikwe 06.00, saa za kimataifa.

Istilahi hupimwa kazini, mkononi mwa fundi, wala si katika orodha. Wasomaji wenye maneno yaliyo bora kuliko haya watuletee.