Ramani ya joto isiyoonyesha chumvi

Ukifungua ramani ya jotoardhi, mara nyingi rangi ni zilezile: nyekundu kwenye joto kali, buluu kwenye baridi. Maji yasiyofika nyuzi 100 hupewa jina la "joto la chini", kama vile daraja la tatu kwenye treni. Nazipenda ramani hizo, ila kwa pwani zenye miamba ya chokaa zinatupoteza. Chukua Salento, kile kisigino cha Italia.

Pale Santa Cesarea Terme, maji ya salfa hutoka mapangoni kando ya bahari yakiwa na nyuzi kama 30 hivi. Waandishi wote hukimbilia hapo, maana picha zinapendeza. Lakini mali kubwa ni maji ya kawaida ya visima, nyuzi 15 hadi 20, masika na kiangazi. Hayawashi taa ya mtu, ila pampu ya joto (yaani friji iliyogeuzwa) inaweza kuyatumia kupasha nyumba joto Januari na kuipoza Agosti. Hadi hapo sina ugomvi.

Sasa njoo kwenye chumvi. Maji matamu ya Salento yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya ndani ya chokaa. Kwa kila mita 1 ya maji matamu juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 chini yake. Igeuze hesabu: vuta maji hadi yashuke mita 1, na chumvi inaweza kupanda mita 40. Mtu wa Unguja ambaye kisima chake kimegeuka chumvi hahitaji kuelezwa zaidi.

Utaambiwa maji hurudishwa ardhini yakishatumika. Sawa, lakini chokaa si sifongo. Ina nyufa na mapango, na maji uliyoyarudisha yanaweza kukimbilia kisima kilekile unachovuta, yakiwa yamepoa tayari. Wakati wa joto ndiyo kabisa: maji yakipashwa, chokaa huganda ndani ya mabomba, ule utando mweupe wa kwenye birika. Bomba lililofungwa, lisilonyonya maji, linaepuka mengi ya haya, ila kila shimo hutoa joto kidogo zaidi.

Mimi ningeanza kuchora kina cha chumvi, ndipo niweke nyuzi juu yake. Mkulima wa Salento anamwagilia kwa maji hayohayo, na kwenye nyekundu na buluu yeye haonekani.