Mashini haina bongo?

Wandugu wahitimu, ku hii page tunasomaka mingi juu ya kutafuta kazi. Leo nataka kuwaeleza kazi moja niliyoipata na nikaifanya vibaya, juu wengi wenu mutaitwa kuifanya siku moja: kuchagulia restora programu ya kuuzia na ya kushikia meza.

Ilikuwa hapa Lubumbashi, restora ya meza 14. Bukari, samaki, sombe, na Jumamosi karamu za wanafunzi wenye kutoka kutetea kazi yao ya mwisho. Mama mwenye restora alikuwa anaandika yote ku kaye. Siku moja akaniita: “Mutoto yangu, we ulisoma informatique. Nichagulie ile mashini.”

Nilikaa siku tatu ku intaneti, nikalinganisha orodha za mambo yenye kila programu inaweza kufanya. Nikachagua yenye orodha ndefu kupita zote, yenye ramani ya meza za rangi. Sitaitaja jina, juu kosa kubwa halikuwa lake. Nikaiweka ku tableti, nikaandika bei ya dola: franga 2.800. Dada aliyekuwa anashika pesa nikamwambia: “Usihesabu tena kwa kichwa. Fuata yenye skrini inasema.” Akafuata.

Kisha bei ya dola ikapanda. Mama akabadilisha karatasi ya ukutani: 2.850. Ku tableti ikabaki 2.800, juu ukurasa wa kubadilisha ulikuwa na kodi, na kodi nilikuwa nayo mimi peke yangu. Niliona huo njo usalama.

Fanyeni hesabu. Mteja anakula ya dola 20, analipa kwa franga. Skrini inasema 56.000, dada anapokea 56.000. Mangaribi Mama anahesabu kwa bei ya ukutani, anagawanya kwa 2.850, anapata dola 19 na senti 65. Kwa siku yenye dola 400 zililipwa kwa franga, dola 7 hivi zinakosekana. Siku 26 za kazi, ni zaidi ya dola 180. Hakuna mtu aliiba hata franga moja.

Mama aliona upungufu kila mangaribi, akamwuliza dada. Dada akajibu: “Mi minaandikaka tu yenye mashini inaniambia.” Mama akasema: “Mashini haina bongo.” Mwisho wa mwezi akamfukuza na kuzuia mshahara wake. Mimi nilikuja wiki mbili nyuma, nimeitwa juu ya printa.

Njo hapo nataka kusimama, juu makala nyingi za kulinganisha hizi programu hazifikagi hapo. Zinauliza programu inafanya nini. Haziulizi nani atabebeshwa kosa siku programu itakosea. Programu nyingi zinajengwa ku nchi zenye mteja analipa kwa pesa ya aina moja na kwa kadi. Square, kwa mfano, inatumika Marekani, Kanada, Japani, Ufaransa na nchi chache zingine. Hapa kwetu haiko. OpenTable, iliyoanza San Francisco mwaka 1998, ilikuwa na desturi ya kuomba restora malipo kwa kila mteja aliyekuja kukaa kupitia kwake. Ni mawazo mazuri kwao. Lakini sisi tunalipa nusu kwa dola, nusu kwa franga, na yenye inabaki kwa M-Pesa ao Airtel Money, ku fakitire moja. Hiyo fakitire njo mtihani wa kwanza, na mi sikuifanya.

Sisemi turudi ku kaye. Kaye nayo inaiba, na haiachi alama. Loyverse, kwa mfano, sehemu yake ya msingi ni bure, na intaneti ikikatika inaendelea kuandika mauzo na kuyatuma koneksio ikirudi. Kwa nyumba ndogo ni mwanzo mzuri, lakini kusimamia wafanyakazi unalipia kando. Odoo, ya Wabelgiji, iko na toleo lenye msimbo wazi ambalo halilipiwi, na iko na sehemu ya restora. Lakini lazima mtu alitunze. Kama huyo mtu ni wewe na kesho unapata kazi Kolwezi, Mama atabaki na nini?

Juu ya kushika meza, nitasema wazi: kwa meza 14 sikuhitaji programu. Watu wanaandika ku WhatsApp ao wanapiga simu. Shida ya kweli ilikuwa namba: ilikuwa ya msimamizi, si ya restora. Siku ile aliondoka, aliondoka na wateja wote wa Jumamosi. Simu ya nyumba yenye namba ya nyumba, na WhatsApp Business yenye alama ya “ametoa avansi” na “hajatoa”, ingetosha. Karamu ya watu 30 bila avansi ni chakula kinaoza, na programu yenye kuomba kadi ya benki haitakusaidia, juu wengi wa wateja wale hawana kadi.

Sasa mtu akiniita, sifungui orodha yoyote kabla ya kukaa jioni nzima pembeni ya mtu anayeshika pesa. Kisha ninafanya mambo mbele ya muuzaji. Ninazima intaneti na umeme, ninauza sahani tatu, ninaangalia yenye inabaki. Ninabadilisha bei ya dola katikati ya siku, ninaangalia kama mauzo ya asubuhi yanabaki na bei ya asubuhi, na kama mwenye nyumba anaweza kuibadilisha mwenyewe bila kunipigia simu. Ninaomba kila mtu apate kodi yake: ku ile restora watu watatu walitumia kodi moja, ya yule dada, basi hata kama kungekuwa na mwizi, jina lake tu njo lingeonekana. Ninauliza kama kufuta fakitire kunaacha alama. Kama nyumba iko chini ya TVA, ile 16% tuliyo nayo tangu 2012, ninauliza fakitire itafuata vipi masharti ya DGI. Na ninaomba kutoa data yote ku faili, siku ile ile. Muuzaji akisema “tutaona”, ninafunga tableti.

Nilipomaliza kumwonyesha Mama ile hesabu, alinyamaza muda mrefu. Kisha akamtuma mutoto kumwita dada. Alikuja, akapokea mshahara wake uliozuiwa, wote. Hakukubali kurudi, alikuwa ameanza kuuza unité kando ya barabara. Nikamwomba msamaha. Akaniambia: “Yaya, mi nilikuambiaka siku ya kwanza, hii bei si ya leo. Ukasema nifuate skrini.”

Ni kweli, aliniambia. Nilikuwa nimesahau.

Ku chuo tulifundishwa kutengeneza meza za data, si kusikiliza mtu anayejua bei ya dola kwa kichwa. Wenye mulishapita ku hii kazi, andikeni chini: ni swali gani mulisahau kuuliza, na nani alilipa?