Ndungutse Alikuwa Mwana wa Nani?

Katika habari za kale za Rwanda, nchi iliyo ng'ambo ya Mto Kagera kutoka kwetu Ngara, yuko mtu mmoja ambaye kila amtajaye humtajia na baba yake, lakini baba huyo si mmoja. Mtu huyo ni Ndungutse, aliyeinua watu wa kaskazini juu ya mwami Musinga katika miezi ya mwisho ya 1911 na ya kwanza ya 1912. Mmoja humwita mwana wa Rutarindwa. Wa pili humwita mwana wa Muhumusa. Wa tatu husema alikuwa mdanganyifu asiye na ukoo wa kifalme. Waalimu wenzetu huchukua neno moja katika haya matatu wakalifundisha kana kwamba halina shaka. Twaona yafaa kuwapima mashahidi mmoja mmoja.

Kwanza tuyaweke mbele mambo yasiyo na ubishi mkubwa. Mwami Kigeri Rwabugiri alikufa mwaka 1895. Tangu 1889 alikuwa amemweka mwanawe Rutarindwa kutawala pamoja naye. Na kwa kuwa mama mzazi wa Rutarindwa alikuwa amekwisha kufa, akampa Kanjogera, mwanamke wa ukoo wa Abega, awe mama yake wa ufalme, yaani umugabekazi. Lakini Kanjogera alikuwa na mwana wake wa kuzaa, jina lake Musinga. Mwishoni mwa 1896, mahali paitwapo Rucunshu, Kanjogera na ndugu zake walimpiga Rutarindwa vita. Naye alipoona ameshindwa, akajichoma moto nyumbani pamoja na jamaa zake. Musinga, angali mtoto, akatawazwa.

Baada ya hayo akajulikana kaskazini mwanamke mkuu, Muhumusa, ambaye wengine humwita Muserekande. Alisemwa kuwa mke wa Rwabugiri, naye aliudai ufalme kwa ajili ya mwanawe Biregeya. Watu walimwogopa na kumheshimu kwa sababu ya Nyabingi, aliyesema kwa jina lake. Wadachi walimkamata mwaka 1908, wakamweka Bukoba, katika mkoa wetu huu. Alipoachiwa alirudi Ndorwa, na Septemba 1911 Waingereza wakamshika. Alikufa Kampala mwaka 1945, angali mbali na kwao. Mara baada ya kushikwa kwake ndipo Ndungutse alipotokea.

Basebya, mkuu wa Watwa wa Buberuka, akamfuata. Wakulima nao wakamfuata, maana aliahidi kuwaondolea uburetwa, yaani kazi ya lazima kwa watawala. Rukara, ambaye mikononi mwa watu wake Padre Loupias wa Rwaza aliuawa tarehe 1 Aprili 1910, alikimbilia kwake. Lakini Ndungutse akamtoa kwa Wadachi, akitumaini urafiki wao. Hakuupata. Aprili 1912 Gudowius, aliyeshika mahali pa Kandt huko Kigali, alimshambulia na kumwua.

Sasa tuwasikie mashahidi. Shahidi wa kwanza ni wafuasi wake: walisema ni mwana wa Rutarindwa, aliyeokoka Rucunshu. Baraza la Musinga lilijibu kuwa wana wa Rutarindwa waliteketea wote. Pande zote mbili zina faida katika neno lake. Aliyeua hupenda kusema hakuna mrithi aliyebaki. Aliyeonewa hupenda kusema yuko mmoja. Je, umri wake watusaidia? Mtoto aliyezaliwa kabla ya Rucunshu angalikuwa na miaka kumi na mitano au zaidi mwanzoni mwa 1912. Na Rutarindwa, aliyekwisha kushirikishwa utawala mwaka 1889, angaliweza kuwa na mwana mkubwa kuliko huyo. Basi umri haumkatai. Lakini kutokukataliwa si kuthibitishwa.

Shahidi wa pili ni wale wamwitao mwana wa Muhumusa. Hapo ndipo kamba mbili zisipofungamana. Ikiwa Muhumusa alikuwa mke wa Rwabugiri, mwana wake wa kuzaa kwa Rwabugiri ni ndugu yake Rutarindwa, wala si mwanawe. Wako wanaojaribu kupatanisha kwa kusema kuwa Rutarindwa alimrithi mjane wa baba yake. Na tuhesabu. Rwabugiri alikufa 1895, Rutarindwa 1896. Mtoto wa urithi huo hangezaliwa kabla ya kati ya 1896. Basi mwanzoni mwa 1912 angekuwa mvulana wa miaka kumi na mitano, asiyetimiza kumi na sita. Ni vigumu kumwona mvulana wa umri huo akiwaongoza watu wazima wa milima mingi na kufanya mapatano na Wadachi. Upatanisho huu twauacha.

Twaona kuna njia nyepesi zaidi ya kueleza kosa hili. Mwana wa Muhumusa aliyejulikana zamani ni Biregeya, naye alitajwa kabla Ndungutse hajasikika. Ndungutse alitokea katika nchi ile ile, kwa watu wale wale, mara tu Muhumusa alipoondolewa. Asikiaye kwa mbali huwafanya wawili kuwa mmoja, akampa wa pili mama wa wa kwanza. Tena lugha yenyewe husaidia kosa. Sisi tukaao Rulenge twajua jinsi majina ya ujamaa yalivyo mapana. Katika Kinyarwanda ndugu wa baba huitwa data wacu, maana yake "baba yetu". Ndugu wa kike wa mama ni mama wacu. Mara nyingi tumemwuliza mzee, "Huyu ni mwanao?" akaitika, nasi tukaandika, baadaye twagundua ni mwana wa ndugu yake. Mzee hakusema uongo. Sisi ndio tulioandika jibu la swali tusilouliza.

Shahidi wa tatu ni baraza, lililomwita mdanganyifu. Neno hili wengi hulikubali upesi kwa sababu Ndungutse alishindwa. Lakini kumwita mtu mwongo si kumtajia baba yake. Wala kushindwa vitani si ushahidi wa ukoo: Rutarindwa mwenyewe alishindwa, na hakuna amkanaye Rwabugiri kuwa baba yake. Hata jina lake halitupi kitu. Ndungutse maana yake "nimepata faida", nalo ni jina ambalo mtoto wa mtu yeyote aweza kupewa.

Basi hukumu yetu ni hii. Kwamba alizaliwa na Rutarindwa, halikuthibitishwa. Kwamba alizaliwa na Muhumusa, huenda ni kuchanganywa na Biregeya, au ni umama wa kufuatwa, si wa kuzaa. Lakini "mwana wa Rutarindwa" lilikuwa neno lenye nguvu, maana ni mwana wa mwami aliyeuawa tu ndiye awezaye kusema kuwa Rucunshu haikuwa halali. Watu hawakumfuata kwa sababu walikuwa wameipima nasaba yake. Waliipokea nasaba yake kwa sababu walikuwa wamechoka na uburetwa na Abega. Mambo kama haya yalitokea mbali pia: Urusi mwaka 1605 mtu aliyejiita Dmitri, mwana wa mfalme aliyekufa 1591, aliingia Moscow akatawazwa, na wengi walimwamini kwa sababu walimchukia aliyetawala.

Mwenzetu aweza kuuliza, yatupasa nini mambo ya mwami wa watu wengine? Yatupasa sana. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda kama wa siku moja, nao watoto wengi walifika bila wazazi. Mtoto wa namna hiyo akiulizwa baba yake ni nani, hutaja aliyemshika mkono njiani. Aandikaye daftari la shule au la ubatizo asipouliza kwa uangalifu, humfunga mtu maisha yake yote na jina lisilo lake, au humnyima lililo lake. Kwa hiyo twawasihi waalimu na mapadre: palipo jina la baba, andikeni pia ni nani aliyelisema, alilisema lini, na kwa neno gani la lugha yake. Kama Rwanda ya 1912 ingalikuwa na mwandishi mmoja wa namna hiyo, tusingalihitaji leo kubishana juu ya mfu ambaye hawezi tena kujitetea.